Mtupaji Asiye na Kwao

Sisi tunaoshughulika na tungo tuna ada ya kuingia nyumba za watu kwa mlango wa uani. Mimi mchezo wa besiboli wa Japani sikuujulia uwanjani wala katika televisheni. Niliujua kupitia kwa mshairi. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikihangaika kuzitia katika Kiswahili zile tungo fupi za Kijapani ziitwazo haiku, zenye mizani kumi na saba tu, nami nikizipitia kwa Kiingereza kwa kuwa Kijapani sikijui. Katika kupekua habari za watunzi wake nikakutana na Masaoka Shiki, aliyezaliwa Matsuyama mwaka 1867 na kufariki mwaka 1902, kifua kikuu kikiwa kimekwisha kumla hadi uti wa mgongo. Huyu ndiye aliyeifufua haiku wakati wengi walikwisha kuiona kuwa ni sanaa ya wazee. Hayo niliyatarajia. Nisilolitarajia ni kwamba mshairi huyu, kabla ya kulazwa na maradhi, alikuwa mchezaji wa besiboli.

Mchezo wenyewe uliingizwa Japani na mwalimu wa Kimarekani, Horace Wilson, mwanzoni mwa miaka ya 1870. Shiki alipokuwa mwanafunzi Tokyo aliucheza kwa mapenzi makubwa, akisimama mahali pa mdakaji. Jina lake la utotoni lilikuwa Noboru, naye akaligeuza kuwa jina la kalamu kwa kuliandika kwa herufi mbili, moja ya uwanda na moja ya mpira, ili litamkike kama jina lake na lisomeke kama mchezo wake. Mwaka 1896, akiwa tayari mgonjwa asiyeweza kuukimbilia mpira tena, aliwaeleza wasomaji wa gazeti la Nippon kanuni za mchezo huo, na kwa kuwa maneno yake yalikuwa ya Kiingereza, akayaundia ya Kijapani: mpigaji, mkimbiaji, mpira uliopaa. Baadhi ya maneno hayo Wajapani wanayatumia hadi leo, na mwaka 2002 mshairi huyu aliingizwa katika jumba la kumbukumbu ya mashujaa wa besiboli. Niliposoma hayo nikasema: mchezo ambao msamiati wake umepita mikononi mwa mshairi, basi nami nina haki ya kuuchungulia.

Nikachungulia, na nilipochungulia nikamwona mtu mmoja mrefu, mwenye nywele za rangi ya dhahabu, amesimama peke yake katikati ya uwanja. Jina lake Victor Starffin. Tangu siku hiyo hajanitoka.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuuona mchezo huu, na afikirie kriketi, ambayo wazee wetu wa mwambao wanaifahamu. Mtupaji husimama juu ya kichuguu cha udongo, mita kumi na nane na kitu kutoka kwa mpigaji, na kila jambo la mchezo huanzia mkononi mwake. Timu inaposhinda, ushindi huandikwa pia kwa jina la mtupaji mmoja. Kwa hiyo maisha yake yote ya kazi huweza kuandikwa kwa tarakimu. Nchini Japani ni watupaji sita tu walioufikia ushindi wa mara 300 katika ligi ya kulipwa. Wa kwanza wao kufika huko hakuwa Mjapani kwa karatasi yoyote ile.

Starffin alizaliwa tarehe 1 Mei 1916 katika mji wa Nizhny Tagil, penye milima ya Ural nchini Urusi. Mapinduzi ya 1917 yalipozuka, jamaa zake, waliokuwa upande wa mfalme, walikimbilia mashariki, wakaivuka Siberia, wakafika Harbin, na mwaka 1925 wakaingia Japani na kutua Asahikawa, katika kisiwa cha kaskazini cha Hokkaido, kwenye theluji nyingi. Mtoto alikuwa na umri wa miaka tisa. Urusi waliyoijua haikuwapo tena, na Japani waliyoifikia haikuwahesabu kuwa wake. Walikuwa watu wa kupita njia, na ruhusa waliyoingilia ilikuwa ya kupita njia.

Mtoto akakua, akawa na kimo cha kuwapita wenzake wote, akakisema Kijapani kama watoto wa pale, na mkono wake wa kulia ukawa gumzo la mji. Kisha msiba ukaingia nyumbani. Mwaka 1933 baba yake alishitakiwa kwa kumuua mwanamke aliyekuwa akimfanyia kazi, akahukumiwa kifungo. Mwaka uliofuata, gazeti la Yomiuri la Tokyo, chini ya mmiliki wake Shoriki Matsutaro, lilikuwa likikusanya timu ya kucheza na Wamarekani waliokuja na Babe Ruth mwenyewe. Walimtaka kijana wa Asahikawa. Yeye alikuwa na nia ya kuendelea na masomo, na Chuo Kikuu cha Waseda kilikuwa katika matumaini yake. Lakini inasimuliwa kwamba alikumbushwa jinsi karatasi za jamaa zake zilivyokuwa dhaifu, na jinsi ilivyokuwa rahisi kuwarudisha Urusi walikokimbia. Akaondoka bila ya kumaliza shule, akapanda treni kwenda Tokyo. Mwishoni mwa Novemba 1934, huko Omiya, akawatupia Wamarekani mpira kwa mara ya kwanza. Alikuwa na miaka kumi na minane.

Nimeirudia mara nyingi sehemu hiyo ya maisha yake, kwa sababu huwa twapenda kuamini kwamba kipaji ndicho kinachomfungulia mtu milango. Kwa Starffin kipaji ndicho kilichokuwa kamba ya kumfungia. Asingekuwa na mkono ule, pengine wangemwacha ajisomee.

Timu ile ya 1934 ndiyo iliyozaa klabu ya Tokyo Kyojin, yaani Majitu ya Tokyo, na ligi ya kulipwa ilipoanza mwaka 1936 Starffin alikuwa ndani yake. Julai 1937 alimaliza mchezo mzima bila ya mpinzani hata mmoja kuupiga mpira wake akafika salama. Mwaka 1939 timu yake ilicheza michezo 96 kwa msimu mzima, na yeye pekee akaandikiwa ushindi wa mara 42. Mwaka 1940 akashinda mara 38. Katika miaka yote miwili alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa ligi. Nchi nzima ililijua jina lake.

Na ni mwaka huo huo wa 1940 ambapo jina hilo liliondolewa.

Vita vya Uchina vilikuwa vikiendelea, na vita vikubwa zaidi vilikuwa vikinukia. Maneno ya kigeni yakaanza kuonekana kama wapelelezi. Ikaamriwa kwamba maneno ya Kiingereza yaondoke mchezoni na nafasi zao zishikwe na ya Kijapani; vita vilipopamba moto, hata mwamuzi wa uwanjani hakuruhusiwa tena kutamka neno la Kiingereza mpira mzuri unapopita, bali alipiga ukelele wa Kijapani, «yoshi», yaani vyema. Katika hali hiyo, mtupaji bora wa nchi hakuweza kubaki na jina la Kizungu mgongoni. Akapewa jina jipya: Suda Hiroshi. Ukilisikiliza vizuri, katika Suda kuna mwangwi wa silabi ya kwanza ya Starffin, kama kwamba aliyelichagua aliona haya kidogo. Victor hakuacha mwangwi wowote.

Hapa ndipo mfasiri ndani yangu alipoinuka kitini. Shiki naye aliyatoa maneno ya Kiingereza akaweka ya Kijapani. Amri ya 1940 nayo iliyatoa maneno ya Kiingereza ikaweka ya Kijapani. Kwa macho ya mtu asiyeijua kazi yetu, matendo haya mawili ni mamoja. Hata hivyo, la kwanza lilifanywa na mgonjwa aliyetaka kila mtoto wa Kijapani apate kuufurahia mchezo uliotoka ng'ambo, na la pili lilifanywa na watu waliotaka kusahaulishe kwamba kuna ng'ambo. Shiki alitafsiri ili mgeni aingie. Hao wengine walitafsiri ili mgeni asionekane. Tangu niifahamu tofauti hiyo, kila niwekapo neno la Kiswahili mahali pa neno la watu wengine, hujiuliza: je, ninamkaribisha huyu, au ninamvua nguo zake na kumvisha zangu ili majirani wasiniulize?

Naomba ruhusa nitoke Japani kidogo, maana sababu ya kukaa na kisa hiki muda wote huo haikuwa Japani peke yake. Mimi shule yangu ya ushairi haikuwa na kuta. Ilikuwa ni kibaraza cha mzee mmoja, fundi wa kukalafati majahazi, aliyeletwa hapa kwa bahari akiwa mtoto mdogo, kutoka bandari ya mbali. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha sisi tuliozaliwa papa hapa. Nilikuwa nikimsomea beti zangu, naye akiendelea kupachika pamba katika nyufa za mbao, na pale mizani ilipozidi au kina kilipochechemea alikuwa akigonga nyundo mara moja bila ya kusema neno. Nikijua nimekosa.

Uzeeni mwake alihitaji karatasi ya kuthibitisha kwamba yeye ni mtu wa hapa. Akaja kwangu nimwandikie barua, kwa kuwa mwandiko wangu ulisifika mtaani. Nikaenda naye ofisini mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Kila mara swali lilikuwa moja: mzee, wewe asili yako wapi? Na jina katika cheti kimoja halikulingana na jina tulilokuwa tukimwita sote. Siku ya mwisho, tukirudi kwa miguu, nilimwambia tuandike barua nyingine, tuibadilishe lugha. Akanijibu, «Mwanangu, lugha unaijua. Hilo jina walinibandika bandarini, na hili mlinipa nyinyi. La mama yangu hakuna aliyeniuliza.» Alifariki kabla ya karatasi kutoka. Sisi tulimzika kwa jina letu, na hadi leo sijui kama tulimfanyia ihsani.

Narudi kwa Starffin. Jina jipya halikumfaa kitu. Mwaka 1944, pamoja na kuitwa Suda, alizuiliwa Karuizawa, mji wa milimani walikowekwa wageni wengi wakati wa vita, na uwanja akawa hauoni tena. Kitenzi chetu cha «kutupa» kina nyuso mbili, na katika habari ya mtupaji huyu zote mbili zinatumika.

Lakini nisimwache msomaji akadhani kwamba wenye kwao walikuwa salama. Katika timu ile ya 1934, na baadaye ndani ya Kyojin, alikuwamo kijana mwingine, Sawamura Eiji, Mjapani wa kuzaliwa. Tarehe 20 Novemba 1934, mjini Shizuoka, akiwa na miaka kumi na saba, Sawamura aliwatoa mfululizo wapigaji wanne wakuu wa Marekani, Babe Ruth na Lou Gehrig wakiwamo, na mchezo ukaisha kwa kufungwa moja bila tu. Huyo hakuulizwa asili yake. Aliitwa jeshini zaidi ya mara moja, na mkono ule ukatumiwa kurushia mabomu ya mkono mpaka ukaharibika. Desemba 1944 meli iliyokuwa ikimpeleka vitani ilizamishwa, naye akafa maji akiwa na umri wa miaka ishirini na saba. Leo tuzo ya mtupaji bora wa mwaka nchini Japani ina jina lake. Basi mwaka huo mmoja, aliyekuwa mwana wa nchi nchi ilimpeleka akafa, na aliyekuwa mgeni ikamfungia mlango. Nimezipima hali hizo mbili na sikupata iliyo afadhali.

Vita vilipokwisha, majeshi ya Marekani yaliingia, na Starffin akapata kazi kwao ya ukalimani. Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini. Mtu ambaye jina lake lilitafsiriwa kwa nguvu, sasa anakula kwa kutafsiri. Naijua kidogo kazi hiyo. Mkalimani husimama katikati ya watu wawili wanaotazamana, na mara nyingi hakuna anayemtazama yeye. Kwa mtu wa kimo chake, aliyezoea macho ya uwanja mzima, sijui ulimkalia vipi ukimya huo.

Mwaka 1946 alirudi mchezoni, akiwa Starffin tena. Hakurudi Kyojin, walikomtoa shuleni. Alikwenda kwa mwalimu wake wa zamani, Fujimoto Sadayoshi, katika timu iliyoitwa Pacific, na kutoka hapo akahama timu moja hadi nyingine, nyingi kati yao zikiwa dhaifu. Mwaka 1949 aliongoza ligi kwa ushindi wa mara 27. Kasi ya ujana ilipomwishia akatumia akili na shabaha, kama mshairi mzee ambaye sauti imekwenda lakini bado anajua neno lipi liwekwe wapi. Mwaka 1955 alikuwa katika timu iliyobeba jina la watengenezaji wa kalamu za risasi, Tombow, iliyomaliza ligi ikiwa ya mwisho kabisa. Ni katika timu hiyo ya mkiani ndipo alipoukamilisha ushindi wa mara 300, jambo ambalo hakuna mtupaji wa Japani aliyelifikia kabla yake. Aliacha kucheza mwaka huo, hesabu yake ikiwa 303. Michezo 83 kati ya hiyo aliimaliza bila ya wapinzani kupata hata pointi moja, na hiyo bado ni rekodi ya Japani.

Hata tarakimu hizo hazikumpa utulivu. Baada ya vita, wenye kushika kumbukumbu walizipitia upya karatasi za 1939, wakasema kwamba kwa kanuni zilizofuata, ushindi wake wa mara 42 ulistahiki kuwa 40. Mwaka 1961 mtupaji mwingine, Inao Kazuhisa, aliposhinda mara 42, ilionekana kwamba ameivunja rekodi. Ndipo swali likafunguliwa tena, na mwaka 1962 ikaamuliwa kwamba walioandika siku ile uwanjani waheshimiwe. Zile mbili zikarudishwa, na wawili hao wanaishiriki rekodi hadi leo. Lakini mwenyewe hakuwapo kuyasikia. Usiku wa tarehe 12 Januari 1957, mjini Tokyo, gari aliyokuwa akiendesha iligongana na tramu, akafa papo hapo akiwa na miaka arobaini. Uraia wa Japani hakuupata maishani mwake.

Mwaka 1960 aliingizwa katika jumba lile lile ambalo Shiki angeingia miaka arobaini na miwili baadaye. Kule Asahikawa, uwanja wa manispaa unaitwa kwa jina lake, na sanamu yake imesimama nje. Wapita njia wanalisoma jina hilo kwa zile herufi ambazo Wajapani huandikia maneno yaliyotoka ng'ambo, na hakuna anayeona kwamba linahitaji kubadilishwa. Imewapasa watu wa mji ule wasubiri afe ili wamwite alivyoitwa na mama yake.

Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Msemo huu tunautumia kwa furaha, hasa siku za karamu, na tunausifu kuwa ndiyo tabia yetu watu wa pwani. Mimi siku hizi nikiusikia huuliza moyoni: na mgeni je, yeye apone kwa kitu gani? Starffin alikuja akawaponya wenyeji kwa mkono wake miaka kumi na tisa. Yule mzee wangu aliziponya mbao zao na mizani za beti zangu kwa muda mrefu zaidi ya huo.

Zile haiku bado ninazitafsiri, polepole, moja kwa wiki inapopatikana. Nimejiwekea sharti moja. Majina ya miti, ya miji na ya watu nayaacha kama yalivyotamkwa na waliokuwa nayo, hata yanapoigonga mizani yangu. Yakigonga huisikia ile nyundo ya kibarazani. Ila sasa sioni tena kama inaniambia nimekosa.